Kusadiki kwa Kuambiwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa chama, Buyenzi, Bujumbura)



Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, masheikh wenzangu, mama zangu na dada zangu mliokaa upande wa pili wa pazia, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa mahali pa kukaa.

Nilipoombwa niseme maneno machache katika ukumbusho wa chama chetu, nilidhani nitatakiwa kueleza habari za wazee wetu waliotangulia, waliotoka Ujiji na Manyema na kwingineko wakaujenga mtaa huu. Lakini habari hizo wako wazijuao kunishinda mimi, na nimeona katika orodha ya wasemaji kwamba wamepewa nafasi. Basi mimi nimechagua jambo jingine, nalo ni jambo la kukiri kosa. Nataka kusema juu ya neno moja ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku bila ya kulifikiri, nalo ni neno "nimeambiwa".

Kwanza napenda kuondoa shaka. Sikuja hapa kuwaambia kwamba mtu asisadiki ila alichokiona kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi hata siku moja. Nani katika sisi aliyeshuhudia kuzaliwa kwake? Tuliambiwa na mama zetu kwamba huyu ndiye baba, tukasadiki, na juu ya neno hilo tukajenga nasaba na urithi na heshima. Sheria yetu yenyewe imelikubali jambo hilo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba katika mambo machache, kama vile nasaba na kifo na wakfu, shahidi aweza kutoa ushahidi kwa habari iliyoenea katika watu, ijapokuwa hakuona mwenyewe. Mvuvi wa ziwani akiambiwa na mwenziwe aliyetoka Rumonge kwamba upepo ni mbaya, hangoji mashua yake izame ndipo asadiki.

Na katika ibada ni vivyo hivyo. Hapa Bujumbura Makka iko kwetu upande wa kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Wangapi katika sisi waliopima? Tumeikuta mihrabu imekwisha jengwa, tukaielekea, na swala zetu ni sahihi inshallah. Walakini tazameni walivyosema mafakihi wetu juu ya msafiri aliye porini, mahali pasipo na msikiti wala mtu wa kuuliza ila mwenziwe wa safari. Wamesema: aliye kipofu na afuate neno la mtu mwaminifu azijuaye alama za kibla. Ama mwenye macho, naye azijua alama hizo, huyo hana ruhusa ya kumfuata mwenziwe; yampasa atazame nyota na jua kwa jitihada yake mwenyewe. Watu wawili wamesimama mahali pamoja, na neno walilolisikia ni moja. Kwa mmoja kulifuata ni wajibu, na kwa mwingine ni uvivu.

Mimi mas-ala haya niliyasoma nikiwa kijana, nikayahifadhi kwa ajili ya mtihani wa mwalimu wangu, wala sikujua kwamba yananihusu. Leo nayaleta mbele yenu kwa swali hili: katika mambo ya haki na dhuluma, katika namna ya kumtendea binadamu mwenzako, je, sisi ni vipofu, au tuna macho?

Mwaka 1989 nilikuwa nikimsaidia mwalimu wangu katika chuo kimoja cha hapa mjini. Chuo hicho sitakitaja, wala mwalimu sitamtaja, kwa kuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, nami nilikula chumvi yake. Asubuhi tulisomesha Kurani, na jioni tuliwafundisha watoto kusoma na kuandika kwa herufi za kizungu, maana watoto wengi wa Kiislamu wakati ule hawakupelekwa skuli. Wavulana waliandika. Wasichana walikaa nyuma wakisoma Kurani kwa moyo, basi. Nilipoanza kazi niliuliza kwa nini, na mwalimu akanijibu ya kuwa msichana akijua kuandika atawaandikia barua wanaume, na kwamba iko hadithi ya Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, inayokataza. Nikasema: "Naam, maalim." Jambo likaisha.

Siku moja msichana wa miaka kama kumi na miwili alichukua kipande cha mkaa akaandika jina lake sakafuni, juu ya saruji. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuwachungulia wavulana. Na mwandiko wake, Mungu ni shahidi, ulikuwa mzuri kuliko wa wavulana niliohangaika nao mwaka mzima. Nikamwambia afute. Akaniuliza: "Kwa nini, maalim?" Nikamjibu: "Imekatazwa." Akafuta kwa ncha ya mtandio wake, na jioni ile mtandio ulikuwa mweusi. Hakuandika tena.

Msichana yule alikua, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume. Mnamo mwaka 2006 jamaa mmoja wa marehemu alimletea karatasi ya Kirundi, akamsomea kwamba ni ya kuandikisha nyumba kwa majina ya watoto. Akatia dole gumba. Karatasi haikusema hivyo. Alikuja kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kusuluhisha watu, akaiweka juu ya mkeka. Nikaisoma mara mbili, nikajua kwamba nyumba imekwenda. Bibi yule hakunilaumu. Hakunikumbusha neno. Mimi ndiye niliyekumbuka ule mkaa.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya miaka kumi na saba nyuma: niliitafuta ile hadithi. Nikaikuta. Mwalimu wangu hakuizua, imo vitabuni. Hakim aliipokea katika Mustadrak yake akaihesabu kuwa sahihi. Lakini Imamu Dhahabi alimrudi akasema kwamba ni ya uzushi, kwa kuwa katika silsila ya wapokezi wake yumo Abdulwahhab bin Dhahhak, mtu aliyetuhumiwa kwa uongo. Na Ibnul-Jauzi aliitia katika kitabu alichokusanya ndani yake hadithi za kuzuliwa. Nikakuta na nyingine, iliyo katika Sunan ya Abu Daud, ya kwamba Mtume alimtaka Bi Shifaa binti Abdillahi amfundishe Bibi Hafsa, mkewe Mtume, dua ya kutibia vidonda fulani, kama alivyokwisha mfundisha kuandika. Yaani katika nyumba ya Mtume mwenyewe mwanamke alifundishwa kuandika, na mwalimu wake alikuwa mwanamke, na Mtume alijua akaridhika. Vitabu vyote hivi vilikuwapo duniani siku ile nilipomwambia mtoto afute.

Wala mtu asiseme kwamba katika nchi zetu hizi hapakuwa na wa kutuzindua. Unguja serikali ilifungua skuli ya wasichana mwaka 1927, na wako wazee waliosita, na wako waliowapeleka binti zao. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na baadaye al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, na akiwakemea kwa kushikilia mambo kwa sababu tu wamewakuta wazee wao nayo. Sauti hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka sitini nilipokuwa mimi nimesimama juu ya ile sakafu.

Basi kosa langu li wapi? Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Rafiki zangu hunifariji wakisema: "Sheikh, ulikuwa kijana, ungewezaje kuwachambua wapokezi wa hadithi?" Na ni kweli. Katika elimu ya wapokezi mimi nilikuwa kipofu, na kipofu hufuata. Kama jambo lingekuwa la rakaa za swala au la nisabu ya zaka, ningekuwa na udhuru, na hata leo yako mambo mengi ya namna hiyo ambayo nayafuata kwa kuwaamini walionizidi.

Lakini lile halikuwa jambo la rakaa. Mama yangu alikuwa na ndugu yake Kigoma, na ndugu yule alikuwa akimwandikia. Barua ikifika, mama aliifunga kwenye pindo la kanga akangoja apatikane mtoto wa kumsomea, na mtoto mwenyewe mara nyingi nilikuwa mimi. Nilimsomea habari za maradhi na za deni na za aibu za ukoo, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua, naye akisikiliza huku ameinamisha kichwa. Niliiona haya yake kwa macho yangu mawili. Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia kwamba mwanamke asiyeweza kusoma barua yake mwenyewe amepungukiwa. Nilikwisha jua. Kisha likaja neno la mwalimu, nikaliweka juu ya macho yangu kama kitambaa.

Ndiyo maana nasema kwamba katika mambo ya kumdhulumu mtu hakuna kipofu kamili. Mwenyezi Mungu hakutuumba hivyo. Wako waonao mbali na wako waonao karibu, lakini kila mwenye akili timamu huona machozi ya aliye mbele yake. Mtu akikuambia jambo ambalo likifuatwa litamuumiza mwingine, na huyo mwingine hayupo kujitetea, au yupo naye ni dhaifu, hapo kuambiwa peke yake hakutoshi, hata aliyesema awe amevaa kilemba kikubwa namna gani.

Wengi mnakijua kisa cha Walid bin Uqba. Alitumwa na Mtume kwenda kukusanya zaka kwa watu wa Banu Mustaliq. Wafasiri wanasimulia kwamba aliwaona wametoka kumlaki, akaogopa, akarudi Madina akasema kwamba wamezuia zaka na wametaka kumwua. Kwa neno la mtu mmoja aliyeingiwa na hofu, kabila zima lilikaribia kupigwa vita, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba ni Waislamu watulivu wanaongojea mjumbe. Hapo ndipo iliposhuka aya ya sita ya Suratul-Hujurat, inayotuamuru tuichunguze habari aletayo mtu asiyeaminika, tusije tukawasibu watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Tazameni amri hiyo imeshuka katika jambo gani. Imeshuka katika habari ya watu wanaotaka kupigwa.

Naomba sasa mniruhusu niguse kidonda ambacho kila nyumba ya mji huu inacho.

Mwaka 1993, tarehe 21 Oktoba, aliuawa Rais Ndadaye, na tangu siku ile nchi yetu ikatumbukia katika moto uliochukua miaka. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wamekwisha funguliwa radio yao ya RTLM mwezi Julai wa mwaka ule ule, na yaliyosemwa na radio ile dunia yote imeyajua. Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 wawili katika waanzilishi wake, pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Mimi nimezungumza na watu waliokuwa wakiisikiliza. Sikumkuta hata mmoja ambaye hakuwahi kufundishwa kwamba kuua ni dhambi. Wote walifundishwa, kanisani na msikitini na mezani kwa baba zao. Waliambiwa tangu utoto. Kisha wakaambiwa vingine.

Hapa hunijia kisa kinachosimuliwa juu ya Imamu Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 akafa mwaka 1111. Alipokuwa kijana alikwenda Jurjan kusoma, akaandika kila alichosikia kwa walimu wake, akarudi kwao Tus na maandishi yake mkobani. Njiani majambazi wakawavamia wakawanyang'anya kila kitu. Ghazali akawafuata akimwomba mkubwa wao amrudishie makaratasi tu, maana ndiyo elimu yake yote. Jambazi akacheka. Akamwuliza vipi adai kwamba ana elimu, hali wao wameweza kuichukua ikawa hana kitu? Akamrudishia. Na Ghazali akakaa miaka mitatu akiyatia moyoni yote aliyokuwa ameyaandika, hata asiweze tena kuibiwa. Yeye ndiye yule aliyekuja kuandika baadaye ya kwamba aliwaona watoto wa Kikristo wanakua Wakristo, na wa Kiyahudi Mayahudi, na wa Kiislamu Waislamu, ikamtia hamu ya kujua ni nini alichonacho ambacho si cha kuambiwa na wazazi tu.

Jambazi yule nimemwona, jamaa zangu. Sikumwona njiani kwenda Tus. Nimemwona hapa, kwenye barza ya mtaa wetu.

Ilikuwa katika siku zile mbaya, baada ya alasiri. Tumekaa watu kama kumi, na kijana mmoja akaja mbio akasema kwamba nyumba fulani, ya tatu kutoka msikitini, imeficha watu wageni wenye silaha, nao wanangoja usiku waanze kazi yao, na kwamba tusipowatoa kabla ya magharibi sisi ndio tutakaokufa. Watu wakainuka. Mimi pia niliinuka. Nilikwisha vaa kiatu kimoja. Pale pembeni alikuwapo bibi mzee, muuza ndagala, asiyejua alifu wala be. Akamwuliza kijana: "Mwanangu, umewaona?" Akasema: "Hapana, bibi, nimeambiwa." "Na nani?" Akamtaja mtu. "Na yeye aliwaona?" "Naye ameambiwa." "Na nani?" Kijana akasema: "Bibi, watu wote wanasema!" Yule bibi akafunika ndagala zake kwa gunia, akasema: "Basi mimi nimewaona. Asubuhi nimewapelekea uji. Ni mwanamke na watoto wanne, na mdogo wao anaharisha."

Watu wakaketi mmoja mmoja. Mimi nilichelewa kuketi, kwa aibu.

Wanavyuoni wa hadithi walifanya kazi ya karne nyingi ili kuuliza swali lile la bibi: umepokea kwa nani, naye kwa nani, naye aliona? Inapokewa kwamba Jabir bin Abdillahi alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham ili aisikie hadithi moja tu kinywani mwa Abdullahi bin Unays. Safari ya mwezi kwa hadithi moja! Na sisi tulikuwa tayari kuwatoa watu mauti, nyumba ya tatu kutoka msikitini, bila ya kuvuka njia.

Sitaki kujitukuza kwa kisa hiki wala kuutukuza mtaa wetu. Husemwa, na si uongo, kwamba katika Buyenzi Wahutu na Watutsi walikaa pamoja wakati mitaa mingine ilipokwisha gawanyika, na kwamba kule Kigali, Biryogo, Waislamu wengi waliwaficha waliokuwa wakitafutwa. Lakini mwezi Machi mwaka 1995 damu ilimwagika Bwiza, na ilimwagika Buyenzi pia. Njia chache kutoka kwenye barza ile hapakuwa na bibi wa kuuliza.

Na sisi Waswahili wa nchi hii tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza, kwa kuwa tunaujua uchungu wake. Tangu zamani za Wabelgiji limekuwapo neno juu yetu, kwamba Mswahili ni mjanja, ni mwongo, si wa kuaminiwa. Mpaka leo wako wanaolitamka jina letu kama tusi. Waulize wamejuaje, watakujibu kwamba wameambiwa.

Nitataja na jambo jingine, ingawa si la Waislamu. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta huko Bururi, watu wenye silaha waliingia kwenye bweni wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Vijana wale wakakataa kutengana, na arobaini kati yao wakauawa. Mimi nimejiuliza mara nyingi: kama ulinzi wa vijana wale ungekuwa neno la mwalimu tu, je, neno la mwenye bunduki lisingelifuta? Mwenye bunduki naye alikuwa akiwaambia. Jambo walilolishika lilikuwa limekwisha kuwa lao wenyewe, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Radhi zangu ni kwa walimu waliowalea hata wakafika hapo.

Najua kwamba kijana mmoja pale mlangoni ananingoja kwa hamu. Atasema: "Alhamdulillah, sheikh ametupa ruhusa, kila mtu na aulize moyo wake, hatuna haja ya wanavyuoni." La, mwanangu. Iko hadithi ya Wabisa bin Maabad, ambaye Mtume alimtaka auulize moyo wake hata watu wakimpa fatwa, nami naijua, na najua inavyotumiwa vibaya. Wabisa alikuja kuuliza juu ya wema na dhambi kwa khofu, hakuja kutafuta njia ya kufanya apendavyo. Mtu anayeuliza moyo wake mara zote akajibiwa yale anayoyapenda, huyo hakuuliza moyo, ameuliza tumbo. Imamu Shafii, na elimu yote ile, alitukataza kumfuata yeye kwa upofu. Mwanafunzi wake Muzani ameliweka onyo hilo mwanzoni kabisa mwa kitabu alichofupisha ndani yake elimu ya mwalimu wake. Lakini tazama: ameliweka onyo, kisha ameandika kitabu kizima cha kauli za Shafii. Alimpokea mwalimu wake, na akazitazama hoja zake. Mambo mawili hayo hukaa katika kifua kimoja.

Mimi nakuambia usimdharau anayekuambia. Huenda ameona usichokiona. Bibi wa ndagala naye alituambia, na sisi tulisadiki kwa kuambiwa; sikwenda kuchungulia nyumba ile. Lakini yeye alikuwa ameona, na alitaka tuwaache watu wapone. Kama angekosea, tungepoteza nini? Na kama kijana yule angekosea, na alikuwa amekosea, wangepotea watu watano. Mizani ya maneno hayo mawili si moja, na mtu hahitaji kusoma miaka ishirini ili alione jambo hilo.

Siku hizi kijana haji mbio kwenye barza. Huja simuni. Mimi hupokea kwa WhatsApp sauti za watu nisiowajua, wasiojitaja majina, wanaosema kwamba fulani ametoka katika dini, kwamba watu wa msikiti fulani hawafai kuswaliwa nyuma yao, kwamba kabila fulani wanapanga jambo. Na anayenipelekea huandika chini yake: "Kama ilivyopokelewa." Maneno hayo yananichekesha na kuniliza. Wazee wetu walisema "kama ilivyopokelewa" baada ya kuwataja wapokezi saba kwa majina yao na baba zao. Huyu hasemi kapokea kwa nani. Mimi humjibu kila mmoja kwa swali la bibi, na wengi wao hawanijibu. Mmoja aliniandikia kwamba sheikh amezeeka.

Nimebakiza jambo moja, na muda wangu naona Bwana Mwenyekiti anautazama.

Yule bibi wa karatasi, baada ya shauri la nyumba yake kushindikana, nilikwenda kwake kumtaka radhi. Nilimweleza habari ya mkaa, na habari ya hadithi ile, na kwamba nilimkataza kwa jambo nisilolijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Maalim, mimi nilikusadiki. Nilipopata binti, nami nilimkataza kuandika. Nilimwambia maneno yako, neno kwa neno, kama ulivyoniambia."

Sikuwa na la kumjibu. Katika vitabu vya hadithi, mtu aliyepokea uongo akaupeleka mbele, jina lake huandikwa katika silsila hata kama hakukusudia, na wajao baadaye hulisoma pale. Nilikuwa nimesikia habari za wapokezi dhaifu maisha yangu yote, wala sikudhani kwamba nitakutana na mapokezi yangu mwenyewe, yamekwisha fika kizazi cha pili.

Binti yake sasa ni mtu mzima, naye ana mtoto wa kike wa miaka tisa anayesoma katika madrasa yangu. Huandika kwa herufi za Kiarabu na za kizungu. Jumamosi iliyopita niliwaeleza watoto hukumu moja ya urithi, na mtoto yule akasimama akaniuliza kwa nini iko hivyo, na nani aliyesema. Nilijua nani aliyesema. Kwa nini, sikuweza kumweleza kwa namna ya kumtosheleza, nikamwambia anipe juma moja nikatafute.

Juma lenyewe linakwisha kesho kutwa, nami sijamaliza kusoma. Kwa hiyo naomba radhi kwamba sitakaa kwenye karamu.